Somo la Leo: Tairi la Pikipiki



Barabara ya Nzega hadi Tabora, inayopita Puge, ni ya lami. Ukiiacha kwenda mashambani, unakuta mchanga, masika, matope. Pikipiki ni moja, njia ni mbili.

Tairi lenye kashata kubwa zilizoachana huuma matope. Lakini juu ya lami, mpira unaogusa chini ni mchache. Ukifunga breki ghafula, hasa lami ikiwa imelowa, waweza kuteleza. Tairi lenye kashata ndogo hushika lami vizuri, ila matope hulijaza upesi. Pikipiki kubwa hutulia katika lami, lakini uzito huizamisha mchangani.

Jiulize: safari zangu nyingi ni za njia ipi? Chagua tairi la njia hiyo. Katika njia ya pili, punguza mwendo.