Kabla watoto hawajacheza kando ya mto, udongo upimwe

NJIA ya kutembea kando ya mto ni baraka kwa familia ya mjini. Mama anasukuma kigari cha mtoto, baba anamfundisha bintiye kuendesha baiskeli, nao nyanya na babu wanapata mahali pa kunyoosha miguu bila kukwepa matatu.

Jijini Nairobi ndoto hiyo imeanza kuonekana. Bustani ya Michuki, karibu na katikati ya jiji, ilikuwa jaa la taka kabla ya kufufuliwa mwaka wa 2008. Machi 2025, serikali ilizindua mpango wa kusafisha Mto Nairobi, ambao unajumuisha njia za kutembea na za baiskeli.

Hata hivyo, lipo swali ambalo wazazi hawafai kuwaachia wahandisi peke yao: chini ya njia hizo kuna nini?

Kwa miaka mingi kingo za mito mijini zimetupwa taka, zikamwagiwa mafuta ya gereji na majitaka ya viwanda. Plastiki zikiokotwa na nyasi zikapandwa, macho huridhika. Lakini madini ya risasi hayaozi. Hubaki kwenye udongo kwa miongo mingi.

Dandora ilionyesha

Mwaka wa 2007, Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, lilitoa matokeo ya uchunguzi katika jaa la Dandora, linalopakana na Mto Nairobi. Watoto 328 wa maeneo jirani walipimwa. Karibu nusu yao walikuwa na risasi kwenye damu iliyofikia au kuzidi mikrogramu 10 kwa desilita. Leo Shirika la Afya Duniani, WHO, linataka chanzo kitafutwe mtoto anapofikisha mikrogramu 5 tu, na linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama.

Udongo nao ulipimwa. Asilimia 42 ya sampuli zilikuwa na zaidi ya miligramu 400 za risasi kwa kilo moja ya udongo, ilhali udongo usiochafuliwa ulikadiriwa kuwa na 50. Nchini Marekani, mamlaka ya mazingira ilishusha kiwango cha tahadhari kwa udongo wa makazi kutoka 400 hadi 200 mnamo 2024.

Watoto ndio walio hatarini zaidi. Hucheza chini, kisha hutia vidole mdomoni. Kwa mujibu wa WHO, mwili wa mtoto mdogo hufyonza risasi anayoimeza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima. Mara nyingi haonyeshi dalili yoyote mapema. Madhara huja kuonekana darasani: mtoto anashindwa kutulia, anachelewa kuelewa, na yaliyoharibika kwenye ubongo huenda yasirudi.

Upimaji hufanywaje?

Kazi huanza na historia, hata kabla ya jembe kugusa ardhi. Wataalamu huchunguza ramani na picha za zamani, na kuwauliza wazee wa mtaa: hapa palikuwa na nini? Gereji? Kituo cha mafuta? Mahali pa kuyeyusha betri?

Kisha sampuli huchukuliwa. Udongo wa juu hupimwa kwa sababu ndio unaoshikwa na watoto. Wa chini hupimwa kwa sababu mitaro ya ujenzi itaufukua na kuuleta juu. Maabara hutafuta risasi, zebaki, aseniki na mabaki ya mafuta.

Maji ya chini ya ardhi hayasahauliki. Visima vidogo vya uchunguzi huchimbwa ili kujua maji yako kina gani, yanaelekea wapi na yamebeba nini. Mvua ikipenya kwenye taka zilizofukiwa, sumu inaweza kufika kwenye kisima cha mtaa wa pili. Wazazi wakumbuke kwamba kuchemsha maji huua vijidudu lakini hakuondoi risasi.

Kupata uchafu hakumaanishi kuacha mradi. Njia inaweza kusogezwa, udongo mbaya kuondolewa, au kufunikwa kwa kitambaa maalumu na tabaka nene la udongo safi. Vumbi hunyunyiziwa maji wakati wa ujenzi. Jimbo la Massachusetts nchini Marekani lina mwongozo wa aina hii kwa miji inayogeuza reli kuukuu kuwa njia za kutembea, kwa sababu dawa za magugu na mbao za reli ziliacha sumu.

Kuchelewa kuna gharama. Katika kitongoji cha Owino Uhuru, Mombasa, wakazi walidhurika kwa risasi iliyotoka kiwanda cha kuyeyusha betri. Mwaka wa 2020 mahakama iliwapa fidia ya Sh1.3 bilioni na kuagiza udongo na maji yasafishwe. Rufaa zilifuata, hadi Mahakama ya Juu iliporejesha fidia hiyo Desemba 2024. Kufikia wakati huo, mtoto aliyezaliwa kesi ikiamuliwa alikuwa karibu kuanza shule.

Mzazi afanye nini?

Miradi mikubwa nchini Kenya hufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira, na wananchi wana haki ya kutoa maoni kupitia NEMA. Kwenye baraza, mzazi anaweza kuuliza mambo matatu: Udongo ulipimwa wapi, na kina gani? Matokeo yako wapi? Nani atakagua maji na tabaka la juu baada ya uzinduzi?

Nyumbani, watoto wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kula na viatu viachwe mlangoni. Vumbi lipanguswe kwa kitambaa kibichi badala ya kufagiwa. Chakula chenye madini ya chuma na kalsiamu, kama maharagwe, omena, sukumawiki na maziwa, husaidia mwili kufyonza risasi kidogo. Anayeishi karibu na jaa au mahali pa kuyeyusha vyuma amuulize daktari kuhusu kipimo cha damu.

Hatua hizo hupunguza hatari tu. Udongo wenyewe hausafishwi kwa sabuni, ndiyo maana swali la kwanza liulizwe kabla tingatinga halijafika.