Mganga Hajigangi: Waswahili wa Marekani na Huduma za Ulemavu wa Ukuaji

Saa tano za usiku zamu hubadilika. Anayetoka hukabidhi funguo za kabati la dawa, daftari la nyumba na maneno mawili matatu: huyu hakumaliza chakula cha jioni, yule alishikwa na kifafa kwa dakika moja hivi, na wa chumba cha mwisho maji yake yatiwe unga wa kuyafanya mazito, la sivyo yatampalia. Anayeingia huvua jaketi la baridi, hunawa mikono, kisha hupita chumba kwa chumba kusikiliza pumzi za waliolala. Kwa mpita njia hii ni nyumba kama nyingine zote mtaani, yenye gereji na nyasi zilizokatwa. Ndani wanaishi watu wazima wanne wenye ulemavu wa ukuaji, na anayewaangalia hadi asubuhi mara nyingi ni mtu wa Kisii, wa Moshi, wa Bujumbura au wa Uvira.

Wakenya wa Minnesota na Massachusetts wanazijua nyumba hizi, ambazo wenyewe huziita grupu homu, kama wanavyoijua njia ya kwenda kanisani. Watanzania huiingiza kazi hii katika zile kazi ngumu za ughaibuni walizozibatiza jina la kubeba boksi, ingawa hapa hakuna boksi. Kuna mtu wa kuogeshwa, kulishwa, kupelekwa kwa daktari wa meno na kusindikizwa sinema siku ya Jumamosi.

Ajabu ni kwamba mlezi huyo huyo, anayejua kusoma chati ya dawa na kumtuliza kijana mwenye usonji aliyeshtushwa na honi ya zimamoto, akizaa mtoto asiyetamka neno hadi mwaka wa tatu, hutulia nyumbani. Atasema tu, huambiwa, hata babu yake alichelewa. Miezi inapita. Mganga hajigangi.

Huduma hizi hazikuanguka kama mvua. Hadi katikati ya karne iliyopita, daktari wa Marekani aliweza kumshauri mama aliyejifungua mtoto mwenye ulemavu wa akili ampeleke kwenye taasisi ya serikali na kumsahau. Kubwa na mbaya kuliko zote ilikuwa Willowbrook, kisiwani Staten Island, New York. Seneta Robert Kennedy aliitembelea mwaka 1965 akatoka ameduwaa: zaidi ya watu 5,000, wengi wao watoto, walikuwa wamesongamana humo, wengine wakiwa uchi na katika uchafu wao. Mwaka 1972 mwandishi kijana wa televisheni, Geraldo Rivera, aliingia na kamera akisaidiwa na daktari aliyefukuzwa kazi humo. Picha zile zilimkosesha usingizi kila aliyeziona. Wazazi walishtaki, mahakama ikaridhia makubaliano mwaka 1975, na mwaka 1987 Willowbrook ilifungwa. Mwaka ule ule wa 1975, Novemba 29, Rais Gerald Ford alitia saini sheria iliyomlazimisha kila mkuu wa shule ya umma kumpokea mtoto mwenye ulemavu. Leo sheria hiyo inaitwa IDEA.

Bado kulikuwa na kitendawili cha fedha. Bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, Medicaid, ililipa mgonjwa akiwa hospitalini, lakini akirudishwa kwao ililegea. Aliyekitegua alikuwa mtoto. Katie Beckett wa Cedar Rapids, Iowa, alipata maambukizi ya ubongo akiwa na miezi mitano, akabaki akihitaji mashine ya kupumulia. Alilala hospitalini karibu utoto wake wote wa mwanzo, si kwa sababu madaktari walitaka, bali kwa sababu huko ndiko bima ilikokubali kulipa. Novemba 1981 Rais Ronald Reagan alimtaja mbele ya waandishi wa habari kama mfano wa kanuni isiyo na akili, na kabla ya Krismasi Katie, mwenye miaka mitatu, alikuwa nyumbani. Bunge nalo mwaka huo lilizipa serikali za majimbo ruhusa ya kutumia fedha za Medicaid kumhudumia mtu nyumbani kwake. Ruhusa hiyo ndiyo waiva, neno ambalo wazazi hulitaja kama wengine wanavyotaja viza. Katie aliishi hadi mwaka 2012, na mji wake wa Cedar Rapids sasa una familia nyingi za Kikongomani zinazoongea Kiswahili dukani na kanisani.

Mwaka 1999 Mahakama ya Juu ya Marekani iliongeza uzito. Wanawake wawili wa Georgia, Lois Curtis na Elaine Wilson, walikuwa wamezuiwa hospitalini ingawa madaktari wao walishasema wanaweza kuishi mtaani. Mahakama iliamua kwamba kumfungia mtu namna hiyo bila sababu ni ubaguzi. Curtis baadaye alijulikana kwa michoro yake. Ila Marekani hiyo hiyo haijauridhia hadi leo mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, mkataba ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania 2009. Ndiyo dunia: wenye mkataba hawana waiva, na wenye waiva hawana mkataba.

Kwa mzazi, mambo huanza mapema kuliko anavyodhani. Mtoto akiwa chini ya miaka mitatu, mzazi mwenyewe anaweza kupiga simu kwa programu ya jimbo ya huduma za awali bila kungoja daktari amtume. Kuanzia siku ile ya kwanza, mfumo una siku 45 za kumpima mtoto na kuitisha kikao cha mpango wa familia. Mtaalamu wa kuzungumza au wa viungo mara nyingi huja nyumbani, hukaa chini kwenye zulia, na humfundisha mama jinsi ya kumwita mtoto amtazame wakati wa kuvaa viatu. Akishatimiza miaka mitatu, jukumu linahamia shuleni, hata kama hajafikia umri wa darasa la kwanza. Huko mzazi huandika barua, na Kiswahili kinatosha: naomba mtoto wangu fulani afanyiwe tathmini ya elimu maalumu kwa sababu hivi na hivi. Tarehe iwepo, na nakala ibaki nyumbani. Shule ikikataa, lazima ieleze sababu kwa maandishi. Ikikubali, huleta fomu ya ridhaa, na kwa kanuni ya taifa siku 60 za kupima zinahesabiwa tangu mzazi aliposaini fomu hiyo, si tangu barua. Baadhi ya majimbo yana muda wao. Fomu iliyosahaulika kwenye begi la mtoto haisogezi kitu.

Nani anastahili? Kila mtoto mwenye ulemavu anayeishi katika eneo la shule. Tangu hukumu ya mwaka 1982 ya kesi iliyotoka Texas, shule ya umma haiwezi kumfungia mlango mtoto kwa kukosa makaratasi ya uhamiaji. Wakimbizi nao hawaguswi na ile kanuni inayowatisha wengi, ya kunyimwa kadi ya kijani kwa kuonekana mzigo kwa serikali.

Kisha kinakuja kikao cha IEP, yaani mpango wa elimu wa mtoto mmoja. Meza ni ndefu. Upande huu mama, pengine na shangazi. Upande ule mwalimu wa darasa, mwalimu wa elimu maalumu, mwanasaikolojia wa shule, mtaalamu wa kuzungumza na afisa mwenye mamlaka ya kukubali matumizi. Katikati ya meza kuna simu iliyowekwa spika, na ndani yake mkalimani aliye mji mwingine. Karatasi ni nyingi, na kila mmoja anasoma ukurasa wake kwa haraka ya mtu mwenye kikao kingine baada ya saa moja. Mkalimani ni haki ya kisheria, na kaka wa mtoto mwenye miaka 13 hafai kuwa mkalimani.

Hapo kwenye simu ndipo mambo mengi huharibikia. Kiswahili cha mkalimani wa Mombasa au Dar si cha mama wa Fizi, Kongo, aliyezoea kusema andikape kwa mlemavu. Usonji ni neno lililoenea kutoka Tanzania. Mtu aliyekulia kambi ya Nyarugusu au Nakivale huenda hajawahi kulisikia. Mtindio wa ubongo wengine hulitumia kwa ulemavu wa viungo unaotokana na ubongo, wengine kwa akili pekee. Yako pia maneno ya zamani, taahira na zezeta, ambayo mkalimani akiyatupa mezani mama hujikunja na hasemi tena hadi mwisho. Mzazi ana haki ya kusimamisha kikao na kuomba mkalimani mwingine, kuuliza neno lina maana gani, na kwenda na karatasi nyumbani kabla ya kusaini. Wanaojua hilo ni wachache kuliko wanaosaini.

Wasomali wa Minneapolis walipita njia hii mapema, na walipita kwa kelele. Karibu mwaka 2008 wazazi waliona watoto wao wengi mno katika madarasa ya usonji, hali ambayo lugha yao haikuwa na jina lake. Walipaza sauti hadi Chuo Kikuu cha Minnesota kikafanya utafiti, uliotolewa Desemba 2013. Ulionyesha kwamba kiwango kwa watoto wa Kisomali kilikaribiana na cha watoto weupe, mtoto 1 kati ya 32 kwa 1 kati ya 36, lakini wa Kisomali wenye usonji walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa pia na ulemavu wa akili. Takwimu zilizotolewa mwaka 2025 na kituo cha serikali cha kudhibiti magonjwa, CDC, zinasema mtoto 1 kati ya 31 wa miaka minane ana usonji. Kwa hiyo ukumbi wa harusi wa Waswahili wenye watoto mia una watatu hivi. Wako wapi? Mara nyingi wamebaki nyumbani na nyanya.

Si kwamba shule maalumu ni jambo geni. Aliyekulia Dar anaijua Uhuru Mchanganyiko, wa Nairobi ameisikia Jacaranda. Geni ni kwamba hapa mzazi haombi hisani ya mwalimu mkuu, anadai. Mtoto aliyefika akiwa na miaka 14 bila kuwahi kukaa darasani bado ana miaka ya kusoma mbele yake: majimbo mengi humhudumia hadi 21, na Michigan hadi 26. Basi lenye lifti ya kiti cha magurudumu ni sehemu ya mpango, na mzazi halilipii.

Tatizo huja shule inapokwisha. Shuleni mzazi anadai, kwenye waiva anangoja. Mwaka 2024 zaidi ya watu laki saba nchini kote walikuwa kwenye foleni za waiva, na Texas ni mashuhuri kwa foleni inayozidi miaka 10. Aliyewahi kukaa kwenye foleni ya magari ya Ubungo, Dar, anajua kukata tamaa, lakini hii haina bodaboda ya kupenya. Tena kila jimbo lina foleni yake. Familia inayohama Texas kufuata kazi ya kiwanda cha nyama Iowa huacha namba yake nyuma na kuanza mkiani. Ndiyo maana wafanyakazi wa huduma hizi huwaambia wazazi wamwandikishe mtoto angali mdogo, hata kama leo hahitaji chochote. California ni tofauti: sheria yake ya mwaka 1969, ya Lanterman, inaitambua huduma kuwa haki, na vituo 21 vya kanda ndivyo vinavyoisimamia.

Waiva ikifika, hubadilisha nyumba. Inaweza kulipia mlezi wa kuja saa kadhaa ili mama alale, kocha wa kazi wa kusimama na kijana siku zake za kwanza kwenye duka la vyakula, au bafu lisilo na kizingiti. Katika majimbo mengi ndugu wa mtu mzima mwenye ulemavu anaweza kuajiriwa na kulipwa kumhudumia. Shangazi aliyefanya kazi hiyo kwa wageni miaka kumi anaweza kuifanya kwa mpwa wake, kwa mshahara.

Umri wa miaka 18 una mitego yake. Siku hiyo kijana ni mtu mzima kisheria, na wazazi wengi hukimbilia mahakamani kuomba usimamizi kamili. Ipo njia nyepesi, ya kumsaidia aamue bila kumnyang'anya uamuzi. Texas ilikuwa jimbo la kwanza kuiweka katika sheria, mwaka 2015. Kuna pia mtego wa upendo. Jumuiya ikichanga, na Waswahili wanajua kuchanga, fedha zikaingia katika akaunti ya kawaida ya kijana anayelipwa SSI, yaani posho ya serikali kwa wenye ulemavu wenye kipato kidogo, akiba ikipita dola 2,000 malipo yanasimama. Akaunti ya ABLE, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2014, huruhusu hadi dola 100,000 bila kugusa SSI, na tangu Januari 2026 iko wazi kwa mtu ambaye ulemavu wake ulianza kabla ya miaka 46. Mweka hazina wa chama asiyejua hili anaweza kumnyima mtu riziki kwa nia njema.

Kwa wakimbizi, saa inakimbia zaidi. SSI yao ina kikomo cha miaka saba mpaka wapate uraia, na sheria iliyotiwa saini Julai 4, 2025 imewabana katika Medicaid wale wasio na kadi ya kijani, kuanzia Oktoba 2026. Mwenye ulemavu wa akili asiyeweza kujifunza Kiingereza wala historia ya Marekani hafungiwi mlango wa uraia kwa hilo: kuna fomu N-648, ambayo daktari au mwanasaikolojia hujaza kueleza kwa nini ulemavu unamzuia, na akikubaliwa husamehewa mtihani. Fomu iliyojazwa kwa mistari miwili ya jumla hurudishwa. Inayotaja ugonjwa, vipimo na jinsi unavyomzuia kukumbuka ndiyo inayopita.

Saa moja asubuhi zamu ya usiku inakwisha. Mlezi hukabidhi funguo, husaini daftari, hukwangua barafu kwenye kioo cha gari. Akiwahi, hufika kwake kabla basi la njano halijasimama mlangoni, dereva ashushe lifti, na yeye akague mikanda ya kiti cha mwanawe, mikanda minne, kama alivyofundishwa kazini.