Mlango Ulifungwa, Lakini Haukukomewa

Wiki mbili kabla ya UE, nikiwa mwaka wa pili, nilirudi geto saa mbili usiku nikakuta mlango uko wazi kidogo. Laptopu haipo. Ndani yake kulikuwa na ripoti yangu ya mafunzo kwa vitendo, kurasa arobaini na kitu, na nakala nyingine sikuwa nayo. Nikampigia mshikaji wangu ninayeishi naye: "Ulifunga mlango?" Akaapa: "Nilifunga bwana! Niliuvuta mpaka ukalia ka!"

Tulinuniana siku tatu. Mimi nilimwona mwongo, yeye aliona namsingizia. Siku ya nne mwenye nyumba akamleta fundi, mzee mmoja wa mtaani. Akauchungulia mlango pembeni, akatuambia: "Wanangu, wote mnasema kweli. Mlango ulifungwa, lakini haukukomewa."

Hapo ndipo nilipogundua kwamba tunatumia neno moja, kufunga, kwa mambo tofauti kabisa. Kurudishia mlango ni kuusogeza tu mpaka kwenye fremu. Kuukomea ni kuubana kwa kitu kigumu kinachozuia usisukumike, na kuuachia tena ni kuukomoa. Mshikaji wangu alikuwa kati ya hayo mawili, na hakujua.

Ukifungua mlango wako sasa hivi ukautazama ubavuni, huenda utaona ndimi mbili za chuma. Ulimi mmoja umekatwa mshazari na una springi nyuma yake. Huo ndio unaolia "ka" ukivuta mlango. Kazi yake ni kuuzuia mlango usipepee na upepo, basi. Ukisukumwa unarudi ndani, ndiyo maana hata kadi ngumu ya plastiki ikipenya kwenye mwanya inaweza kuurudisha. Ulimi wa pili ni wa mraba, hauna springi, na hutoka pale tu unapozungusha ufunguo. Huo haurudi kwa kusukumwa. Kitasa chetu kilikuwa cha kirungu, kile cha kubonyeza kitufe halafu unavuta mlango. Kilikuwa na ulimi wa kwanza peke yake.

Kufuli, komeo na kitasa

Dukani watu huita vyote kufuli, halafu wanauziwa wasichokihitaji. Kufuli ni lile la kuning'inia, linalotoka na kuondoka nawe. Komeo ni chuma au mti wa kusukuma, na kwa kawaida hukaa upande wa ndani. Kitasa ni kile kinachofungwa juu ya ubao wa mlango au kuchimbiwa ndani yake.

Kufuli lina mtego wake. Unaweza kulipia kufuli zito la bei mbaya, kumbe linaning'inia kwenye tumbuu, yaani kile kipete cha chuma mlangoni, iliyoshikiliwa na skrubu mbili fupi. Mwizi hana haja ya kuhangaika na kufuli, anang'oa tumbuu. Tazama kama vichwa vya skrubu vinaonekana kufuli likiwa limefungwa. Kama vinaonekana, bisibisi inakutosha wewe na inamtosha yeye pia.

Leva au silinda?

Vitasa vya kuchimbia viko vya aina mbili kubwa, na ufunguo wenyewe unakuambia. Kama ufunguo ni mrefu, una shina la mviringo na kibendera mwishoni, hicho ni kitasa cha leva. Ndani mna vibamba vyembamba, na kila kimoja lazima kiinuliwe kwa kimo chake hasa, kisizidi wala kisipungue. Wazo hilo lilisajiliwa Uingereza na Robert Barron mwaka 1778. Leva zikiongezeka, kazi ya kukifungua bila ufunguo inaongezeka. Uliza idadi yake kabla ya kulipa.

Kama ufunguo ni bapa na una meno, hicho ni cha silinda. Ndani mna pini ndogo zilizokatwa vipande viwili na kusukumwa na springi. Meno yakiziinua zote mpaka mikato ikae kwenye mstari mmoja, silinda inazunguka. Pini moja tu ikikosea, haizunguki. Mmarekani Linus Yale Mdogo alipata hataza ya aina hii mwaka 1861, ingawa Wamisri wa kale walishakuwa na vitasa vya mbao vyenye pini.

Hakuna kitasa kisichofunguka. Mwaka 1851, wakati wa Maonesho Makubwa ya London, Mmarekani Alfred Hobbs alifungua vitasa viwili vilivyosifiwa kuliko vyote Uingereza wakati huo. Kimoja kilimchukua siku nyingi. Kitasa kinanunua muda, na mwizi wa mtaani hana muda.

Nani mwingine ana ufunguo wako?

Hili ndilo tunalolisahau zaidi. Unapokea chumba pamoja na funguo mbili, lakini mpangaji aliyepita alichonga ngapi? Kama ni kitasa cha silinda, huhitaji kubadilisha kitasa kizima. Fungua na kuitoa ile skrubu ndefu iliyo ubavuni mwa mlango usawa wa silinda, geuza ufunguo kidogo, silinda inachomoka. Nenda nayo dukani upate yenye urefu uleule, maana ikichomoza sana nje inashikika kwa koleo na kuvunjwa. Ongea kwanza na mwenye nyumba, na mkubaliane nani analipa. Mimi nilimwonyesha mlango, akakubali kukata kwenye kodi.

Jambo la mwisho ni zito kuliko laptopu. Kuna wanaotoka asubuhi na kumfungia mwenzao aliyelala kwa kufuli la nje, "asiibiwe." Dirisha lina nondo. Moto ukitokea, atapita wapi? Hata kwa kitasa, kama kinahitaji ufunguo upande wa ndani, ufunguo huo ukae mahali pamoja ambapo kila mkazi wa chumba anapafikia hata gizani.

Ripoti niliiandika upya kwa kukumbuka, usiku kwa usiku. Mshikaji nilimwomba radhi. Tuliweka kitasa chenye ndimi mbili, na siku hizi nikimpigia simuulizi tena kama amefunga. Namuuliza, "Umezungusha ufunguo?"