Kichupa Hakiondoi Salfa

Awe meneja wa kiwanda au dereva wa lori, swali ni lile lile: "Nitie dawa gani kwenye mafuta iondoe salfa?" Hakuna. Salfa ni elementi. Moto hauiteketezi na dawa haiifuti. Iliyoingia na mafuta itatoka na moshi, itabaki kwenye majivu au itaishia kwenye oili. Tani moja ya mafuta mazito yenye salfa ya asilimia 3.5 imebeba kilo 35 za salfa. Hicho kichupa cha dawa kitazipeleka wapi?

Dawa za kweli zipo, ila kazi yake ni nyingine. Salfa ikiungua, karibu yote huwa dioksidi. Asilimia 1 hadi 5 tu huongezewa oksijeni ikawa trioksidi, na hiyo ndiyo inayokutana na mvuke wa maji na kuzaa asidi ya salfuriki. Vichochezi vya badiliko hilo ni vanadiamu iliyomo ndani ya mafuta mazito yenyewe, na kutu ya mabomba ya boila. Hapo ndipo dawa hufanya kazi: oksidi ya magnesiamu huungana na vanadiamu, hunasa trioksidi na kuigeuza chumvi. Dioksidi haiguswi, inapanda dohani kama jana. Anayekuuzia magnesiamu kwa ahadi ya moshi usio na salfa anakudanganya mchana kweupe.

Kwenye dizeli ya gari uongo umezidi. Tangu 2015 kiwango cha Afrika Mashariki ni sehemu 50 kwa milioni: tangi la lita 60 lina takriban gramu 2.5 za salfa, na vanadiamu ni kama hakuna. Magnesiamu itakuachia majivu bure. Na wewe unayechanganya mafuta ya taa "kusafisha nozeli", huenda unaongeza salfa: mafuta ya ndege, ambayo ni mafuta ya taa yaliyochujwa zaidi, huruhusiwa hadi sehemu 3,000.

Mwenye boila: punguza hewa ya ziada kwenye kichomeo (bana), usiache moshi upoe chini ya nyuzi 150 hivi, pima vanadiamu maabara kabla ya kununua magnesiamu, au nunua mafuta yenye salfa kidogo, kama meli zilivyolazimishwa 1 Januari 2020 kikomo kiliposhuka kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5. Mwenye gari: rudisha thamostati aliyoing'oa fundi, maana asidi hutona kwenye silinda zisizopata joto, na badilisha oili kwa wakati, kwani kalsiamu iliyomo ndiyo inayoua asidi, nayo huisha.