Vitabu vya Timbuktu Wakati wa Vita

Vita viingiapo mjini, mtu hukimbilia watoto wake kwanza, kisha chakula na mifugo. Ndivyo ipasavyo. Basi huenda msomaji akauliza: kwa nini mtu ahatarishe maisha yake kwa ajili ya vitabu vikuukuu? Jibu moja lapatikana katika mji wa Timbuktu, nchini Mali, Afrika ya Magharibi.

Mji huo, ulio karibu na mto Niger, ulikuwa kituo kikubwa cha elimu katika karne ya 15 na ya 16. Wanavyuoni wake waliandika kwa mkono juu ya dini, sheria, nyota, dawa na biashara, na vitabu vyao vikarithiwa na jamaa, baba kwa mwana. Wako watu waliozoea kusema kwamba Mwafrika hakuwa na maandishi kabla ya kuja kwa Wazungu. Vitabu hivi vyawakanusha.

Mwezi wa Aprili, 2012, vikundi vyenye silaha viliuteka mji. Baada ya miezi michache vikaanza kuyabomoa kwa sururu makaburi ya mawalii yaliyojengewa nyumba, vikidai kuwa kuyazuru ni ushirikina. Watunzaji wa maktaba, miongoni mwao Bwana Abdel Kader Haidara, walitambua kwamba zamu ya vitabu yaweza kufika. Wakavitia katika masanduku ya chuma, wakavificha majumbani mwa watu, kisha wakavisafirisha kwa siri, kidogo kidogo, kwa magari na kwa mashua, mpaka Bamako, mji mkuu. Maelfu na maelfu yaliokoka hivyo. Lakini katika chuo cha Ahmed Baba hati zaidi ya 4,000 zilichomwa moto au kuibwa.

Hapa pana tofauti ya kuangaliwa. Makaburi yalijengwa tena, kazi ikaisha mwaka 2015, kwa kuwa waashi wa Timbuktu walikuwa wangali na ufundi wa udongo waliofunzwa na baba zao. Hati ambayo haikunakiliwa, ikiungua, hakuna fundi awezaye kuirudisha.

Sheria ya jambo hili ipo tangu mwaka 1954, mataifa yalipofanya mapatano mjini The Hague, Uholanzi. Mapatano hayo yakataza kushambulia majengo na vitu vya kale. Tena yakataza kuvitumia kwa vita, maana askari aliyeweka bunduki juu ya mnara wa kale amemwalika adui aupige. Alama yake ni ngao ya rangi ya buluu na nyeupe.

Kwa muda mrefu wengi waliona sheria hiyo haina meno. Mwezi wa Septemba, 2016, Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai ilimhukumu Ahmad al-Faqi al-Mahdi kifungo cha miaka 9 kwa kushambulia majengo 10 ya Timbuktu. Yeye mwenyewe alikiri kosa. Mwaka uliofuata mahakama ikaamuru fidia ya euro milioni 2.7 kwa ajili ya watu wa mji ule.