Kasiba Iliyokwisha: Ukarabati wa Raifali Kongwe za Wenzo na Mipaka Yake

1. Utangulizi

Raifali ni bunduki ambayo ndani ya mtutu wake imechongwa mifuo iliyojipinda. Mifuo hiyo ndiyo inayokizungusha kichwa cha risasi ili kiende moja kwa moja bila kupinduka hewani, na jina la silaha hii limetokana na uchongaji huo. Raifali ambayo mifuo yake imekwisha, basi, imebaki na jina tu. Kwa utendaji imerudi karibu sana na gobori.

Makala haya yanachunguza tatizo hilo katika raifali za wenzo za Marekani, hasa Winchester ya mwaka 1873. Wenzo ni kipande cha chuma kilicho chini ya bunduki, ambacho kikisukumwa chini na kurudishwa hutoa ganda tupu na kuingiza risasi nyingine. Hapa mtutu utakuwa na maana ya bomba zima la chuma, na kasiba itakuwa uwazi wa ndani yake. Hoja ya makala ni kwamba ukarabati wa kasiba ni uamuzi kabla ya kuwa ufundi: mwenye bunduki hana budi kuamua kama anayo zana au ushahidi, kwa sababu njia zinazoiponya zana aghalabu huufuta ushahidi.

2. Chanzo cha kuchakaa

Ni kosa kudhani kwamba kasiba hizi ziliharibiwa na wingi wa risasi zilizopita ndani yake. Nyingi ziliharibiwa zikiwa zimetundikwa ukutani. Baruti nyeusi, ambayo ni mchanganyiko wa shura, makaa na salfa, huacha masizi yanayovuta unyevu wa hewa. Fataki za zamani nazo zilikuwa na klorati ya potasi, ambayo ikilipuka huacha chumvi ya jamii moja na chumvi ya mezani. Chumvi hiyo huyeyuka katika maji, haiyeyuki katika mafuta. Mtu aliyepaka mafuta bila kuosha kwanza kwa maji aliifungia chumvi ndani ya chuma, akalala akiamini ameitunza bunduki yake. Ajabu ni kwamba baruti isiyo na moshi haikuleta nafuu: kwa vile iliacha masizi machache, chumvi ya fataki ilibaki karibu peke yake, ikala chuma vizuri zaidi.

Kuna chanzo cha pili kinachotokana na umbo la silaha yenyewe. Fremu ya Winchester imezibwa nyuma, kwa hiyo ufito wa kusafishia hauna njia ila kuingilia mdomoni. Ufito huo, ukisuguliwa mahali pamoja kwa miaka mingi, hupanua mdomo wa kasiba na kuondoa ulinganifu wake. Hapo ndipo kichwa cha risasi kinapoagana na mtutu, na kasoro ndogo ya hapo huharibu shabaha kuliko mashimo ya kutu yaliyo katikati.

3. Uchunguzi

Fundi huanza kwa kuhakikisha kwamba bunduki haina risasi, kisha huosha. Hatua hii hudharauliwa, lakini kasiba inayoonekana kama bomba lililokwisha huenda imejaa tu madini ya risasi na masizi yaliyogandamana juu ya mifuo iliyo hai. Baada ya kuosha hupima: kipande cha risasi laini, kipana kidogo kuliko kasiba, husukumwa ndani taratibu hadi kitoke upande wa pili kikiwa na alama ya mifuo, kisha hupimwa kwa mikromita. Kichwa cha risasi ya .44-40 kina kipenyo cha takriban inchi 0.427. Ikiwa kasiba ina 0.431, tatizo huenda si la mtutu, bali ni la risasi iliyo nyembamba mno. Kichwa kipana zaidi cha risasi laini chaweza kutosha, mradi chemba ina nafasi ya kukipokea.

4. Njia za ukarabati

Ikiwa mdomo peke yake ndio uliochakaa, hukatwa upya kidogo sana. Ikiwa mifuo yote imekwisha, hubaki njia mbili. Ya kwanza ni kupanua kasiba na kuchonga mifuo mipya. Kwa njia hii.38-40 huweza kugeuzwa .44-40, kwani maganda yao ni ya nasaba moja. Ya pili ni kutia bitana. Neno hili la washonaji linafaa kabisa: mtutu hutobolewa kwa kekee ndefu, bomba jembamba la chuma lenye mifuo huingizwa, hushikizwa kwa lehemu au gundi, kisha chemba hukatwa upya. Kwa nje mtutu haubadiliki. Maandishi ya kiwanda yanabaki. Kwa ndani hakuna tena chuma cha karne ya 19.

Hatari ya bitana imo katika mafanikio yake. Kasiba mpya humshawishi mtu kutumia risasi zenye nguvu, ilhali viungo vinavyofunga nyuma ya chemba vilibuniwa kwa baruti nyeusi na havikuongezwa nguvu yoyote.

5. Bunduki iliyoachwa kama ilivyo

Novemba 2014, katika Hifadhi ya Taifa ya Great Basin huko Nevada, ilipatikana Winchester ya 1873 iliyoegemezwa kwenye mti, kitako kimepasuka na kuzikwa nusu udongoni. Namba yake ilionyesha ilitengenezwa mwaka 1882. Ilipelekwa Cody, Wyoming, kwenye jumba la makumbusho linalotunza kumbukumbu za kiwanda cha Winchester. Hapo mbao ziliimarishwa zisiendelee kumomonyoka, na kutu iliachwa. Mhariri wa miswada atautambua uamuzi huo: jani lililoliwa na mchwa haliandikwi upya na mkono wa leo.

Picha za eksirei zilionyesha kwamba chemba ilikuwa tupu. Ndani ya kitako, katika tundu ambalo kiwanda kilikusudia liwekwe ufito wa kusafishia, mlikuwa na risasi moja ambayo haijapigwa, ya kati ya miaka 1887 na 1911.