Begi la Siku Moja Nalubaale: Vitu vya Kubeba kwenye Boti ya Kukodi

Boti ya pontuni ni sitaha bapa iliyolazwa juu ya mapipa mawili au matatu marefu ya alumini yaliyozibwa pande zote, kisha ikawekewa viti, turubai la kivuli na injini ya kupachika nyuma. Umbo hilo lilianza mwanzoni mwa miaka ya 1950 katika jimbo la Minnesota, Marekani, pale Ambrose Weeres alipofunga jukwaa la mbao juu ya safu mbili za mapipa ya chuma ili watu wa maziwa madogo ya huko wapate pa kukaa bila kuyumba. Kampala, boti za kukodi kwa siku hupatikana Ggaba, Munyonyo na Port Bell, au Entebbe kwa asiyechoka na foleni ya barabarani. Baadhi ni pontuni, nyingine ni za faiba, nyingine ni mitumbwi mikubwa ya mbao. Chombo chochote kitakachochaguliwa, maji ni yale yale: Ziwa Viktoria, ambalo Waganda huliita Nalubaale, lenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, likiwa mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari na likikatwa na mstari wa ikweta. Si ziwa dogo la Minnesota, na begi hufungwa kwa kulijua hilo.

Swali la kwanza ni uzito. Pipa lenye kipenyo cha sentimita 60 na urefu wa mita 6 lina ujazo wa karibu mita 1.7 za ujazo. Mapipa mawili ya namna hiyo yakizama yote husukuma kando tani 3.4 za maji, na kwa kanuni ya Archimedes huo ndio uzito wa mwisho yanaoweza kuubeba. Hakuna nahodha anayetaka kufika hapo. Chombo kilicho salama hukaa mapipa yakiwa yamezama nusu tu, yaani kwa tani 1.7, na katika hizo hutangulia sitaha, viti, injini na mafuta. Abiria na mizigo yao hupewa kinachobaki. Nusu iliyo juu ya maji ndiyo akiba ya kukabili wimbi, au ile dakika ambapo watu wote hukimbilia upande mmoja kupiga picha. Pontuni huonekana tulivu kuliko boti nyembamba kwa sababu mapipa yake yako mbali, moja huku na jingine kule. Lakini pipa la upande mmoja likishazama lote, halina nguvu ya ziada ya kusukuma juu, na utulivu huo huisha ghafla. Kwa hiyo kreti za soda na maji hupangwa katikati, chini, wala hazirundikwi omo au tezi. Lita moja ya maji ni kilo moja; watu kumi wakibeba lita tatu kila mmoja wamejaza nafasi ya mtoto wa kilo 30. Spika kubwa na jenereta yake ni mzigo wa aina nyingine: mbali na uzito, moshi wa jenereta una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayojikusanya chini ya turubai lililoshushwa pande zote.

Kitu cha pili hakiingii begini kwa sababu huvaliwa. Jaketi okozi kwa kawaida hutolewa na mwenye boti, lakini mwenye kukodi ana kazi ya kulikagua kabla ya kulipa. Nguvu yake ya kuelea huandikwa ndani kwa kipimo cha nyutoni. Vazi la nyutoni 50 ni msaada tu kwa mtu anayejua kuogelea na aliye karibu na waokoaji. La nyutoni 100, sawa na kilo kumi hivi za kuinua, limekusudiwa maji yaliyokingwa kama ghuba. La 150 ni la maji ya wazi. Tofauti kubwa zaidi ni ya umbo. Yale ya daraja la juu yana kola na sponji nyingi kifuani, ili mtu aliyezimia ageuzwe uso uelekee juu. Hilo la nyutoni 50 halifanyi kazi hiyo.

Aliyezoea kuelea Tanga au Bamburi atajikuta mzito kidogo hapa. Lita ya maji ya bahari ina uzito wa kilo 1.025, ya maji ya ziwa kilo 1. Mwili wenye ujazo wa lita 70 hupoteza kilo moja na robo tatu za kuinuliwa kwa kuhama tu kutoka maji ya chumvi kwenda maji baridi. Hazionekani nyingi, lakini kwa mtu aliyechoka zinatosha kuamua kama pua iko juu au chini.

Kukagua ni rahisi: jaketi huvaliwa, mikanda hufungwa, kisha mtu mwingine huyavuta mabega yake juu. Likipanda mpaka masikioni, ni kubwa mno. La mtoto huchaguliwa kwa kilo zake na liwe na mkanda wa kupita katikati ya miguu. Majaketi ambayo miaka nenda rudi yamefanywa mito ya kukalia huwa na sponji iliyobonyea, nayo sponji iliyobonyea haina hewa ya kutosha. Filimbi ifungwe begani. Haihitaji betri, na sauti yake hufika pale ambapo kelele za mtu haziendi.

Saa ya kurudi nayo huamua kilichomo begini. Ziwa hili hujitengenezea hali yake ya hewa. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji. Hewa yake hupanda na upepo huvuma kutoka ziwani kwenda pwani, ukizidi nguvu alasiri. Usiku mambo hugeuka: nchi kavu hupoa, upepo hutoka kila upande wa pwani kuelekea katikati ya ziwa, hewa hukutana, hupanda, na mawingu ya radi hujijenga juu ya maji yaliyo bado vuguvugu. Ndiyo maana wakazi wa Entebbe huamshwa mara nyingi na ngurumo za alfajiri. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la Nature Communications ulionyesha kwamba ngurumo nyingi za alasiri kwenye nchi kavu inayolizunguka ziwa ni dalili ya dhoruba kali ziwani usiku unaofuata. Safari ya starehe basi huanza saa tatu au nne asubuhi, anga ikishatakata, na kumalizika kabla ya magharibi. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa ya Uganda husomwa asubuhi ile ile, kwani wa juzi hausaidii. Radi ikimulika, sekunde huhesabiwa hadi ngurumo isikike. Kila sekunde tatu ni kilomita moja, na zikiwa chini ya thelathini chombo kiwe kimekwisha kuelekea gatini. Juu ya maji tambarare hakuna mti wala mnara, kwa hiyo kitu kirefu kuliko vyote ni boti yenyewe.

Kwa sababu hiyo koti la mvua na sweta hubebwa hata jua likiwa kali. Maji ya ziwa huwa na nyuzijoto 25 hivi, lakini nguo iliyolowa ikipigwa na upepo hupokonya mwili joto kwa kasi. Leso mbili za khanga hufaa kuliko taulo moja nene: hukauka upesi, hufunika mabega, hutandikwa, na humfunika mtoto aliyelala. Zitafaa pia wakija visubi wa ziwani. Hao huibuka kwa mamilioni kutoka matopeni, hasa karibu na mwezi mwandamo, na kwa mbali huonekana kama nguzo za moshi zinazotembea juu ya maji. Hawaumi, ila huingia puani, kinywani na kwenye chai.

Jua la ikweta ni habari nyingine. Mnamo Machi na Septemba hupita utosini, na miezi mingine haliendi mbali na hapo saa sita mchana. Mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa karibu asilimia 10 kila mtu anapopanda mita 1,000, kwa hiyo wa Munyonyo hupata zaidi ya wa Mombasa chini ya anga ile ile safi. Wengi hudhani hatari inatoka kwenye mwako wa maji. Kwa kweli maji hurudisha sehemu ndogo tu ya mionzi hiyo, kama asilimia 10 au pungufu. Sehemu kubwa hutoka angani, ikiwa imetawanywa na hewa, na huingia ubavuni mwa turubai bila hodi. Kukaa kivulini hakutoshi. Kofia yenye ukingo mpana, shati la mikono mirefu na losheni ya kukinga jua ya kiwango cha 30, inayopakwa upya kila baada ya saa mbili, vina kazi hata kwa ngozi nyeusi, ambayo ina kinga ya asili lakini huungua pia. Macho hayana kinga hiyo. Miwani ya jua iwe ile iliyoandikwa kuzuia mionzi hadi nanomita 400, kwani kioo cheusi kisicho na kinga hupanua mboni na kuruhusu mionzi zaidi. Anayemeza doksisaiklini kujikinga na malaria ajue kwamba dawa hiyo huifanya ngozi iungue upesi zaidi.

Maji ya kunywa hutoka nchi kavu yote. Ghuba ya Murchison, iliyo mlangoni mwa Kampala, hupokea maji machafu ya jiji kupitia mfereji wa Nakivubo, na rutuba hiyo hulisha bakteria wa rangi ya kijani ambao baadhi yao hutoa sumu. Kuchemsha huua vijidudu, lakini sumu ya aina ya maikrosistini huvumilia moto.

Kuogelea kuna kichocho. Konokono wa kwenye matete hutoa mabuu wadogo wasioonekana, wengi wao kati ya saa nne asubuhi na alasiri, na mabuu hao hupenya ngozi ndani ya dakika chache. Ukingoni penye majani ndipo pabaya zaidi. Kwenye kina, mbali na pwani, hatari hupungua ingawa haimaliziki. Kujifuta kwa nguvu mara baada ya kutoka majini si kinga ya kuaminika. Aliyeingia majini humwona daktari baada ya wiki sita hadi nane kuhusu prazikwanteli, dawa inayoua minyoo iliyokomaa na isiyofaa sana kwa michanga.

Chakula kizuri ni kile kisichoogopa joto: rolex (chapati iliyoviringishiwa mayai) ya asubuhi hiyo, gonja ya kuchoma, karanga, ndizi mbivu. Pilau iliyoachwa vuguvugu ni jambo la kuogopa, kwa sababu mbegu za bakteria Bacillus cereus huvumilia upishi na kuamka wali unapopoa taratibu. Nyama na maziwa hukaa ndani ya deli la barafu. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka hufyonza joto sawa na lile la kupoza kilo moja ya maji kutoka nyuzi 80 hadi sifuri, na ndiyo maana chupa za maji zilizogandishwa usiku hushinda barafu ya vipande: hupoza, kisha hunywewa.

Vidonge vya kichefuchefu humezwa nusu saa au zaidi kabla ya kuondoka. Mtu akishaanza kutapika vimechelewa. Simu huingia kwenye mfuko usiopitisha maji, uliofungwa ukiwa na hewa ndani ili uelee. Anayekwenda kutazama korongo nyangumi katika kinamasi cha Mabamba huchukua darubini ya kukuza mara 8, maana ya mara 10 hukuza pia mtikisiko. Anayekwenda kisiwa cha Ngamba, makao ya sokwe tangu 1998, huacha mafua yake nyumbani, kwani sokwe huyapata. Kaveera, yaani mfuko wa plastiki, huachwa pia, ikiwezekana: ikidondoka majini, huzingirwa na magugu maji au hujisokota kwenye rafadha.

Kinachobaki hakipandi botini. Ni karatasi yenye majina ya abiria wote, namba ya simu ya nahodha na saa ya kurudi, mikononi mwa mtu anayebaki gatini na anayejua kwamba polisi hupigiwa kwa 999 au 112. Jioni ya tarehe 24 Novemba 2018, MV Templar ilizama karibu na ufuo wa Mutima, wilayani Mukono, ikiwa imebeba watu wa starehe kupita uwezo wake. Zaidi ya 30 walikufa, na waokoaji walitafuta siku kadhaa bila kujua kwa hakika wangapi walikuwa wamepanda.